Anayesoma Maelezo Kila Asubuhi

Chumba namba 6, ghorofa ya pili,
Juu ya duka la vioo.
14 Juni

Mpendwa mdogo wangu Mtaalamu,

Pokea salamu nyingi za sisi uliotuacha huku. U mzima? Kile kikohozi kimekuachia kifua? Mama hajambo, ni macho tu yanayomsumbua. Mimi nipo, nakonda kwa mawazo kama kawaida yangu.

Unakumbuka programu uliyotuandikia ya kununua na kuuza hisa ilivyokuwa ikiweka kumbukumbu zote kwenye kompyuta moja pale ofisini. Mwaka jana kompyuta ikafa, na kumbukumbu zikaenda nayo. Shemeji, mume wa dada, akashauri tuiunganishe na hifadhidata ya nje, kwenye mashine za kampuni fulani, ili kila agizo liingie kwenye majedwali yake huko hata ofisi ikiungua. Ukatuelekeza kwa simu, tukaunganisha, tukaweka nenosiri moja la sisi watatu, mimi, shemeji na wewe. Tangu siku ile roho yangu haikutulia. Kitu chako kikilala kwa watu, utajuaje nani anakifunua?

Nikaanza kuchungulia orodha ya walioingia. Kila siku saa kumi na mbili na robo asubuhi, kabla hata mlinzi hajafungua geti, kuna mtu anaingia kutoka nje, anasoma, anatoka. Hagusi kitu. Shemeji naye siku hizo alikuwa akiilaza simu yake kifudifudi mezani. Na rafiki yake, yule dalali mwenye miwani, alikuwa ameshanunua mara mbili hisa zilezile tulizozitaka, siku moja kabla yetu. Nikaona nimeshampata mtu wangu.

Nilimkabili mbele ya wateja, na hapo nilikosea. Hakupandisha sauti. Alichukua koti lake akasema, "Kama mimi ni mwizi, shemeji, basi kaa na ofisi yako." Sasa ni wiki ya tatu. Dada hapokei simu zangu, na mama akiniona anageukia ukutani.

Mtu wa ile kampuni akanishauri kila mmoja awe na jina na nenosiri lake. Nikafanya hivyo, la zamani nikalifuta. La shemeji nililiandika nikalitia kwenye bahasha. Iko juu ya meza yake mpaka leo, haijafunguliwa. Lako, la kusoma tu, nilikutumia kwa heshima, kwa kuwa programu ni kazi ya mikono yako.

Jumatatu, saa kumi na mbili na robo, mtu kaingia tena. Jina lililoandikwa ni "mtaalamu".

Kwanza nilidhani umeibiwa nenosiri. Halafu nikadhani unauza siri zetu huko uliko. Nisamehe, unanijua, hata mlango niliofunga mwenyewe naurudia mara mbili. Nikaangalia kilichosomwa. Jedwali la bei halikufunguliwa, la maagizo halikufunguliwa. Limefunguliwa la maelezo peke yake, lile ninamoandika sababu zangu za kununua au kuuza: "Nimeuza mapema, nampeleka mama kwa daktari wa macho." "Leo mama kacheka sana." Mwizi gani huyo, anaacha bei anasoma habari za mama?

Barua zangu nne hukujibu hata moja. Nimekasirika, nakwambia kweli, na nimefurahi pia, sijui lipi litangulie. Ya yule dalali bado hayajaniingia akilini. Lakini Jumamosi ya mwisho wa mwezi nakwenda kwa dada na ile bahasha, nikamwombe shemeji radhi, na nataka niende nikijua. Ni wewe? Humo huwezi kuandika hata herufi, kwa hiyo itabidi ushike kalamu au simu.

Jioni hii, kabla ya kufunga ofisi, nimeongeza mstari mmoja kwenye maelezo: "Mama anamuulizia Mtaalamu."

Shangazi anakusalimu, na mapacha wa dada wanasema bado unawadai hadithi. Mungu akulinde ulalapo na uamkapo, hasa uamkapo mapema.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na kukutilia shaka.

N.B. Ni asubuhi, bado sijaifunga barua. Ule mstari umesomwa mara nne.