Kengele Iliyotolewa Nyasi

Dodoma, mwezi wa Septemba, 1913

Kwa kaka yangu mpenzi Nikodemo, mwalimu wa misheni, Mpwapwa.

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na wifi yangu Dorkasi na watoto, na kwamba kile kikohozi ulichoniandikia kimekwisha. Ukiuliza habari zetu, mwilini sina ugonjwa. Mume wangu Gideoni yuko kwenye kazi ya reli upande wa Tabora, na hatarudi mpaka mvua zianze, kama zitaanza. Baba yuko hapa kwangu. Najua utashtuka, maana unamfahamu, hajawahi kulala chini ya paa lisilo la tembe yake mwenyewe. Kaa chini kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Huko nyumbani Ihumwa visima vimekauka tangu tulipovuna uwele kidogo tuliovuna. Mdogo wetu Matonya aliwaswaga ng'ombe wote, hakuacha hata ndama, akaenda nao upande wa Bahi kutafuta maji na majani. Tangu siku hiyo hatukupata neno lake. Baba akangoja, akachoka kungoja, akamwomba jirani amshike mkono amlete mjini. Macho yake sasa yanaona mwanga tu, watu hawaoni. Alipoketi hakutaka hata uji. Alisema hakuja kunitembelea, amekuja kumtafuta mwanawe, na kwamba mchunga ng'ombe hata aende wapi lazima atafika dukani, kwa chumvi ya mifugo, au tumbaku, au kuuza ngozi. Basi nizunguke madukani niulize.

Kaka, nimekaa mji huu tangu reli ilipofika, na duka nililolijua ni moja tu, la Mhindi aliye karibu na kisima, anayeuza chumvi na kaniki na kumfokea kila mtu. Sikujua kama mji una mengine mengi hivyo. Nilianza na duka la ngozi nyuma ya stesheni, ambako harufu inakupokea kabla ya mwenyewe. Nikapekua ngozi moja moja nikitafuta alama ya moto ya zizi letu, wanaume wakinicheka. Sikuiona, nikashukuru Mungu. Toka hapo nikaelekezwa kwa Mrangi mmoja aitwaye Zaidi, anayeuza samli na asali kutoka Kondoa. Alinitania kwamba Wagogo tukipoteza ng'ombe mmoja tunalia kuliko wenzetu wakipoteza mke, kisha aliponitazama vizuri akaacha utani, akanipa kibuyu cha samli nimpelekee baba, akaniambia vijana wa Bahi huwa wanapita kwa wauza ushanga.

Nitakuambia jambo la aibu. Katika duka la ushanga nilisahau nilichofuata. Kulikuwa na ushanga wa kila rangi umening'inizwa kwa nyuzi toka juu mpaka chini, na mwenye duka akanifungulia hata ule mwekundu mdogo aliokuwa akiuvaa marehemu mama. Nikaupitisha vidoleni na moyo ukafurahi. Kutoka hapo nikapita kwa Mgiriki anayeoka mikate, nikasimama tu kunusa. Nikapita barazani kwa mshonaji, nikatazama cherehani inavyokimbia. Jua likageuka nami natembea nikishangaa vitu, na ndugu yangu sijui kama yu hai. Nilipokumbuka nilijichukia.

Duka la mwisho lilikuwa la fundi bati, Athuman, mtu wa pwani. Hukata madebe ya mafuta akatengeneza taa, na hununua chuma chakavu na shaba kuukuu kwa ajili ya kuyeyusha. Nilikuwa karibu kuondoka, kwa kuwa mchunga ng'ombe ana kazi gani na taa, nikaona katika lundo la vyuma kengele ya ng'ombe. Imebonyea ubavuni, pale ng'ombe wetu mweupe wa mbele alipojigonga mlangoni mwa zizi mwaka ule ulipoondoka kwenda kusoma. Na ndani ilikuwa imejazwa nyasi.

Wewe umekaa misheni miaka mingi lakini hili huwezi kulisahau. Kwetu kengele haijazwi nyasi ila aliyeivaa amekufa. Nikaketi chini hapo hapo kwenye vipande vya bati.

Athuman ni mtu mwema. Alinipa maji, akanieleza yote. Alisema kengele ililetwa na kijana mrefu, aliyekonda hata mashavu yameingia ndani, ambaye hakukubali ipigwe wala ijaribiwe. Kijana alimweleza kwamba bwawa lilikauka, ng'ombe wakaingia kwenye tope kutafuta maji na hawakuwa na nguvu ya kutoka, na waliosalia wakafa njiani. Hakubaki hata mmoja. Fundi akamuuliza kama hana kwao. Akajibu kwamba anako kwao, lakini hawezi kuingia kwa baba yake akitanguliwa na fimbo tupu. Kisha akauliza kama ni kweli treni inachukua watu wa kwenda kulima katani pwani. Ilikuwa inachukua. Akapanda.

Alipita karibu na mlango wangu, Nikodemo! Njia ya stesheni inapita hapa. Nimemkasirikia mpaka nalia, na nikishalia namhurumia, kisha namkasirikia tena.

Sikuweza kuiacha kengele iyeyushwe. Nilivua kikuku changu cha shaba, Athuman akakipokea. Kabla ya kuondoka nilitaka kuhakikisha, labda kuna kengele nyingine iliyobonyea vile, basi nikazitoa nyasi nikaitikisa. Ilikuwa yenyewe. Ungeisikia ungejiona umesimama zizini. Nikaitia kapuni nikaenda zangu kichwa kikinizunguka, na zile nyasi nikaziacha sakafuni kwa fundi.

Sasa soma polepole, kwa sababu hili sijamwambia mtu.

Nilikuwa napandisha njia ya nyumbani, saa ile ng'ombe wanaporudi, na kwa kila hatua kengele inalia kapuni. Mimi sikuisikia, kwa jinsi nilivyokuwa. Baba aliisikia. Nilipoinua macho nilimwona ametoka nje bila fimbo, amesimama mikono ameinyoosha, anawaita ng'ombe kwa mluzi ule wake, anamwita Matonya, anacheka. Baba, kaka! Tangu mama afe hujamwona anacheka, wala mimi. Akaniuliza mimi niliyekuwa mbele yake kama nimewaona, kama ni wazima.

Nilisema ni wazima.

Uongo mmoja ukazaa mwingine. Nilimwambia kwamba watu wa boma la serikali hawaruhusu mifugo kuingia mjini, kwa hiyo Matonya amewalaza kule mteremkoni na hawezi kuwaacha. Baba akamsifu, akasema mchungaji hasa haliachi kundi hata kwa kumsalimu babaye. Usiku huo alikula. Na tangu hapo, kila jua linapoteremka, natoka na kengele chini ya shuka, napita nyuma ya boma la miiba na kuitikisa, nikitembea taratibu kama ng'ombe aliyeshiba. Majirani wanadhani nimerogwa. Maziwa naomba kwa watu na kumletea, na yeye anayabariki.

Siwezi tena. Jana amesema Jumapili nimshike mkono nimpeleke mteremkoni, amshike yule mweupe mgongoni na ampe Matonya baraka yake ya urithi, kwa kuwa anajisikia hana siku nyingi. Kwetu habari ya msiba wa zizi huletwa na mtoto wa kiume wa kwanza, siyo mimi, lakini hata ningekuwa mwanamume nisingepata kinywa cha kumwambia. Panda treni pale Gulwe, njoo. Nakuomba kwa jina la mama. Usipofika nitampeleka kweli, kwa sababu sijui kumkatalia, na pale mteremkoni hakuna kitu ila mawe, naye atanyoosha mkono.

Nisalimie Dorkasi na watoto wote, na wazee wa kanisa wanaonikumbuka. Bwana awalinde.

Baba ameketi hapa ubavuni, amesikia kalamu inakwaruza, ameuliza namwandikia nani. Nimemwambia ni wewe. Anakusalimu sana, na amesema nikuandikie usiwe na wasiwasi tena, ng'ombe wamerudi wote na mdogo wako hajambo.

Mimi mdogo wako,
Yudith