Tata, Sikumpiga Begani

Tata,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikakaa nalo muda mrefu, maana ni mara ya kwanza nakuamkia na hakuna wa kuitikia. Niko jikoni kwangu, ni mchana, mlango nimeufunga kwa ndani. Mvua inanyesha tangu asubuhi na watu wa Busawe wamebaki majumbani mwao. Hata isingenyesha, hakuna ambaye angekuja.

Nina jambo la kukuambia. Ningeweza kukuambia ukiwa hai, pale pale porini, kwa neno moja tu. Nimechelewa wiki tano.

Nianze na ya nyumbani. Ng'ombe wako mwekundu amezaa ndama jike. Mahindi ya kule chini kwenye mbuga yamesimama vizuri, ila magugu yamezidi kwa sababu mama halimi, na mimi nikilima anaingia ndani. Bunduki yako iko kituo cha polisi. Walikuja kuichukua siku ya tatu baada ya maziko, kwa adabu kabisa, wakatuandikia karatasi, wakasema itakaa huko mpaka apatikane msimamizi wa mirathi. Nilipoikabidhi askari aliniuliza kama ina risasi. Nikamwonyesha chemba tupu kama ulivyonifundisha, mara mbili, na kidole changu nikakiingiza ndani. Akanipa pole.

Unakumbuka nilivyorudi kutoka Kerende baada ya ndoa kunishinda? Nilikaa miezi sitoki nje. Mama alikuwa ananiletea uji kama mgonjwa. Wewe hukunihoji wala hukunipa mawaidha. Asubuhi moja uliniita, ukanibebesha mfuniko wa ndoo ya rangi, tukaenda kwenye lile shimo walilochimba moramu ya barabara. Ukauegesha mfuniko kwenye ukuta wa udongo, ukaniambia nilale kifudifudi kwenye majani yenye umande. Nilidhani unatania. Mwanamke mzima, mtalaka, nimelala tumbo chini na bunduki ya baba yangu begani.

Siku hiyo hukunipa risasi hata moja. Wala wiki ile yote. Ulinifundisha kulala, kisha kukaa, kisha kupiga goti, na kusimama ukakuweka mwisho. Ulikuwa unazunguka nyuma yangu unanisukuma kwa mguu kidogo, hapa, na hapa. Uliniambia bunduki ibebwe na mifupa kwa sababu nyama inachoka. Nikikaa, kiwiko kisitue juu ya kifupa cha goti, kitateleza. Nikipitishe mbele kidogo, kikae kwenye nyama ya chini ya paja la mbele. Nilicheka, nikakuuliza paja la mbele ni lipi, mimi ni mbuzi? Ukacheka mpaka ukakohoa. Halafu ukanifumbisha macho, ukaniambia nivute pumzi, niitoe nusu, nifumbue. Kama mtutu umehama kutoka kwenye shabaha, nisiurudishe kwa mikono. Nihamishe makalio. Mwili wote ugeuke, mikono ifuate.

Hilo la kuhamisha makalio wanaume wa kijiji walilicheka mwaka mzima. Hukuwajali. Uliwaambia, "Rhobi binti yangu atakuja kunishinda," na ulilisema kwa sauti ile ile unayotumia kusema mvua itanyesha. Tata, hakuna mtu mwingine aliyewahi kunisemea hivyo.

Ndiyo maana leseni ya kuwinda ya mwaka huu ukataka iandikwe kwa jina langu. Nyati mmoja. Macho yako yalikuwa yameanza kuwa na ukungu na ulijua, ingawa ulimficha mama.

Sasa niandike siku yenyewe.

Tulimfuata tangu alfajiri, dume lile pweke lenye pembe ya kushoto iliyovunjika ncha. Wingu lilikuwa zito. Tulipomwona alikuwa amesimama ubavu, hatua kama mia moja, akili yake iko kwenye majani. Ukanionyesha kwa kidole mti wa mgunga uliokuwa pembeni yetu, nikaegemeze bunduki pale. Hatua tano tu, Tata. Nimezihesabu mara nyingi sana tangu siku hiyo. Lakini akainua kichwa, nikaona anataka kuondoka, nikaona leseni yangu inaondoka, na wale wanaume wakinicheka tena, na jina lako likichekwa nami. Nikasimama pale pale nilipokuwa, bila egemeo, nikavuta triga wakati mtutu bado unapita.

Niliona ilipoingia. Niliona vumbi likiruka kwenye ngozi yake, nyuma ya mbavu za mwisho. Niliona mgongo wake ukikunjika juu, kama ulivyonieleza kwamba mnyama aliyepigwa tumboni hujikunja. Akaingia kichakani. Na papo hapo mvua ikaanza.

Wewe ulikuwa unapepesa macho. Ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Umepiga wapi?"

Nikasema, "Begani."

Hivyo tu. Neno lilitoka lenyewe, kama mtoto aliyevunja chungu. Sikupanga kukudanganya. Nilitaka uso wako ubaki ulivyokuwa kwa dakika moja zaidi, nikafikiri tutamkuta amelala mbele kidogo na haitakuwa na maana tena.

Ulitabasamu. Ukanigusa bega.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba aliyepigwa begani hafiki mbali, unasubiri kidogo unamfuata. Aliyepigwa tumboni unakaa chini, unasubiri saa nyingi, hata ikibidi unarudi kesho na watu, kwa sababu huyo yuko hai na anakungoja. Mvua ilikuwa imeosha damu. Kama ingekuwa kavu ungeona majani ya tumboni kwenye damu na ungejua ndani ya hatua kumi kwamba nimekudanganya. Hukuwa na kitu cha kusoma isipokuwa neno langu. Ukalisoma. Ukatangulia, ukanizuia kwa mkono nikae nyuma.

Nyati alitoka ubavuni mwako, Tata. Sitaandika zaidi ya hapo. Nilipiga mara mbili hewani, akakuacha, akaondoka akichechemea. Nilikulaza mapajani mwangu. Uliniuliza kama nimeumia. Nikasema hapana. Ukasema vizuri. Hukusema tena kitu.

Nilikuwa na nafasi hapo pia. Ulikuwa bado unanisikia.

Kwenye msiba watu walikuja wengi mpaka kutoka Nyamisangura. Mama alinishika mkono siku zote tatu. Alikuwa ananiambia nisijilaumu, kwamba kazi ya porini ndivyo ilivyo, na mimi nilimwacha anishike. Kilichonimaliza ni maneno ya wazee waliokaa kwenye turubai. Walisema mzee alikuwa ameanza kusahau kazi. Walisema mtu aliyewinda miaka yote ile anaingiaje kwenye kichaka kwa haraka namna hiyo, uzee umemponza. Nilikuwa napita na sinia la ugali nikayasikia yote. Niliweka sinia chini mbele yao, nikawanawisha mikono mmoja mmoja.

Baada ya hapo sikulala vizuri wala kula vizuri. Nikaanza kufanya mazoezi. Bunduki haipo, nikachukua mpini wa jembe, nikaufungia kifuko cha mchanga upate uzito. Nikawa naenda kwenye lile shimo la moramu kila asubuhi. Nalala. Nakaa. Napiga goti. Nasimama nimeegemea ukuta. Nafumba macho, natoa nusu ya pumzi, nafumbua, nahamisha makalio, nabonyeza hewa kwa kidole. Mia ya kulala, mia ya kukaa, mpaka viwiko vikachubuka na magoti yakavimba. Wanawake waliopita na kuni walisimama wakinitazama, kisha wakaacha kusimama. Wakasema Rhobi amechanganyikiwa kwa msiba. Hawakukosea sana. Nilikuwa nikifumbua macho naona ule mfuniko wa rangi, na kila mara kwenye mfuniko naona vumbi likiruka nyuma ya mbavu.

Halafu dume lile likamwumiza Bhoke. Bhoke jirani yetu, aliyekuwa anakuletea ndizi. Alikwenda kisimani asubuhi, likamtokea kwenye matete. Amevunjika paja, yuko hai, lakini alilala kwenye matope mpaka alipopatikana. Aliyenisimulia alisema lilikuwa na pembe iliyovunjika na lilikuwa likiburuta mguu wa nyuma.

Lilikuwa langu, Tata. Mimi ndiye niliyekiachia kijiji dume lile.

Bwana Nyama alikuja siku ya pili, yule afisa kijana wa wanyamapori anayekuita mwalimu wake. Ana vijiji vingi na yuko peke yake. Alijua nimepita mafunzo ya askari wa wanyamapori wa kijiji, akaniomba nimsaidie kufuata nyayo, na akanipa bunduki ya ofisi akaniambia nijaribu risasi tatu kwenye mfuniko. Nikapiga moja nimelala, moja nimekaa, moja nimepiga goti. Zote ziliingia. Akasema mkono ni wa mzee kabisa. Nilitamani ardhi inimeze.

Tulimpata nyati siku iliyofuata, saa mbili asubuhi, kwenye korongo lililo nyuma ya mashamba ya mtama. Alikuwa amekonda, mbavu zinaonekana, inzi wamejaa kwenye kidonda. Nilipiga goti, majani yakanifunika. Nikasimama, nikamwona vizuri, ubavu, na hapakuwa na mti wala jiwe la kuegemea. Bwana Nyama akaninong'oneza nipige. Nikatikisa kichwa. Akaninong'oneza tena, kwa ukali. Nikateremsha bunduki, nikarudi nyuma kwa kutambaa mpaka kwenye mteremko, nikakaa, nikachimba visigino kwenye udongo, nikaweka viwiko mbele ya magoti. Ilichukua muda mrefu sana. Jasho liliingia machoni. Kama angeondoka angeondoka, na pengine kesho angeua mtu, na lawama zingekuwa zangu. Nililijua hilo nikiwa nimefumba macho. Nilipofumbua, mtutu ulikuwa juu kidogo ya pale ninapotaka. Nikahama. Nikapiga. Akapiga magoti ya mbele. Nikapiga tena papo hapo, kama ulivyosema, usimsubiri akuonee huruma. Akalala.

Watu walikuja mbio kutoka mashambani. Wanawake walipiga vigelegele. Wale wazee wa kwenye turubai wakanipa mkia wa nyati mkononi, wakasema nimelipa kisasi cha baba yangu. Mama pia alikuja. Alikuwa analia na ananitazama kwa fahari, Tata, kama ulivyonitazama wewe kule porini baada ya neno lile.

Wakaanza kuchuna ili nyama igawanywe. Bwana Nyama alikuwa anaangalia risasi zimefika wapi, kwa ajili ya taarifa yake. Mbili zangu alizikuta kifuani. Kisha kisu kikagonga kitu karibu na nyonga, katika usaha. Akakitoa, akakipangusa kwenye majani, akauliza risasi hii ya zamani ni ya nani, imepita tumboni.

Ningeweza kunyamaza. Wangesema ni ya majangili. Mmoja alikuwa ameshaanza kusema hivyo.

Nikasema ni yangu. Nikasema niliona ilikoingia, na baba aliponiuliza nikamwambia nimempiga begani. Nikasema mzee hakusahau kazi. Alifanya kila kitu sawasawa na alichoambiwa.

Vigelegele vilikufa. Mzee mmoja aliuchukua mkia mkononi mwangu, taratibu, bila ubaya. Mama alinitazama. Kisha akasema, "Ungesema tumboni, angesubiri." Akageuka akarudi nyumbani na kanga yake ikiburuta chini upande mmoja. Hajasema nami tena tangu siku hiyo. Chakula nikipika anakiacha. Nikimwamkia anaendelea na anachofanya. Nasikia akiongea na ndama.

Sijui nifanye nini, Tata. Nilidhani nikilisema litapungua. Halijapungua hata kidogo. Tofauti ni kwamba sasa tunalibeba wawili, mimi na mama, na yeye hakulitaka. Usiku naamka nimelowa jasho, na asubuhi sina nguvu ya kufungua mlango. Kuna siku nimepita karibu na kisima cha zamani nikasimama pembeni muda mrefu kuliko inavyofaa. Nakuambia wewe kwa sababu sina mwingine. Kisha nikasikia mama anakohoa, nikarudi.

Bwana Nyama ameniomba niendelee na kazi. Amesema hata baada ya yale niliyoyasema, au pengine kwa sababu ya hayo hayo, kisha akaishia hapo. Sijamjibu. Lakini wazee hawasemi tena kwamba ulizeeka. Nimewasikia sokoni wakisema mzee yule alimwamini binti yake, na wakanyamaza nilipokaribia. Hilo nimekurudishia. Ni dogo, najua.

Mvua imekatika. Naona mama ametoka na jembe, anaelekea shambani kwa mara ya kwanza tangu maziko. Nitachukua langu nimfuate, nitaanza mstari wa mwisho kabisa kule pembeni, asilazimike kuniona. Akiingia ndani nitaendelea kulima. Kesho nitamwamkia tena, na keshokutwa.

Lala, Tata. Sikuombi unisamehe, maana nikikuomba nitakuwa nakutaka useme kwa niaba ya mama. Ninakuahidi kitu kimoja tu ninachokiweza. Nikishika tena bunduki, au nisiposhika, kwa nyati au kwa jambo lolote la maisha yangu, mtu akiniuliza nimepiga wapi nitamwambia pale nilipopiga.

Binti yako,
Rhobi