Goti la Bimkubwa

Mpendae, Unguja
Machi 1956

Kaka Simai,

Shikamoo. Huku mvua zimeanza, na paka wako kazaa tena uvunguni.

Bimkubwa keshapasuliwa goti, hajambo. Kabla ya kupasuliwa, nesi alimfundisha kukaza paja na kuinua mguu akiwa kalala, naye akashika vizuri mpaka wagonjwa wenzake wakamwiga. Taabu ilianza nyumbani. Majirani, kwa mapenzi yao, hawakumwacha aguse kitu. Akitaka kuinuka, wanamrudisha kitandani: “Tulia, Bi Mwatima, unaumwa.” Goti likakakamaa. Daktari akasema likibaki hivyo, halitakunjika tena.

Bimkubwa mama yetu unamjua, kaka! Alitaka aletewe mbuzi yake ya kukunia nazi. Kila asubuhi akawa anajishusha juu ya kile kiti kifupi, polepole, jasho linamtoka, meno kayauma. Majirani wakimzuia, anawauliza, “Simai akija, nani atamkunia nazi?”

Leo nimerudi sokoni nikamkuta kaikalia mbuzi, goti limekunjika, tui keshalikamua.

Wali upo, kaka. Wewe hupo.

Mdogo wako,
Tabia