Utepe wa Mashine ya Joto

Wodi ya Wazazi,
Kitanda cha dirishani,
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo huko kwenye baridi? Mgongo umepona, au bado unabeba masanduku kiwandani kama punda? Sisi tupo, tunapumua. Mama miguu imemvimba kwa kukaa kwenye benchi la nje, lakini ulimi mzima.

Kaka, nilijifungua kabla ya siku zangu. Mapacha, wa kiume na wa kike, wadogo hata nguo za mwanasesere zingewapwaya.

Humu wodini kuna mashine ya kuwatia joto watoto kama hao, zawadi kutoka nchi hiyo uliko. Mama alipoambiwa akacheka: "Hao? Si juzi tu walikuwa wakipokea unga wa msaada kama sisi? Leo ndio wanagawa!" Nami nikamringia nesi kwamba huenda sanduku la mashine hiyo lilipita mikononi mwako.

Ila ilikuwa imefungwa utepe mwekundu. Daktari mkuu akasema haiguswi mpaka wageni waje kuukata, wapigwe picha. Wageni wakasema kesho. Kesho yake wakasema wiki ijayo. Nikawaweka wanangu wote wawili kifuani, ngozi kwa ngozi, Mama akatufunika shuka. Alfajiri wa kiume akapoa. Nilidhani amelala.

Hapo ndipo nesi alipouvua ule utepe bila kuukata, taratibu, kama unavyomvua shati mtoto aliyesinzia, akautia mfukoni. Wa kike akaingia. Kaka, anakua! Mashavu yameanza kujaa, na juzi alinishika kidole akakataa kukiachia. Ana ubishi wako.

Sasa wageni wametuma habari kwamba watakuja mwisho wa mwezi. Daktari mkuu anataka utepe urudi na mtoto atoke, mashine ionekane mpya. Nikamuuliza, "Hotuba zikiendelea yeye atakaa wapi?" Akasema, "Ni muda mfupi tu, Mama Pacha." Bado wananiita hivyo, hawajui waache vipi.

Siwachukii waliotoa. Bila wao ningekuwa mikono mitupu. Ila hawajui yanayofanyika huku, na wewe lugha yao unaijua. Niandikie kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, nibandike kwenye kioo: "Karibuni. Kuna mtoto humu. Kateni utepe akiwa ndani." Mpe yule rafiki yako anayerudi nyumbani likizo. Fanya hima, Kaka.

Wakiitangulia karatasi yako, nitaushika mlango wa mashine kwa mikono miwili, nione watapigaje picha.

Msalimie Wifi na watoto. Baba wa watoto wangu anakusalimu. Alikwenda kumzika mwanawe bila mimi. Mama anasema ule ushibe. Mungu akukinge na baridi hiyo, akurudishe umkute mpwa wako anatambaa.

Wako akupendaye,
mdogo wako,
Mama Pacha