Chikanda Si Nyama, Tonton

Mama Ngalula mpendwa, wewe unayejibu barua za bantu, mimi si muntu wa kuomba musaada, bantu njo banakuyaka kuniomba mimi, uliza tu mu Katuba nzima Tonton Liévin iko nani, hata bambwa batakuonyesha mulango, lakini leo nimeshika hii kalamu kwa sababu akili yangu yote imefika mwisho na mutoto wa dada yangu analia.

Zamani nilikuwa muntu wa uzito wa kweli. Nikikaa mbele mu taksi, dereva alikuwa anaweka abiria wawili nyuma ya kiti chake ili gari isilale upande wangu. Kule Makomeno, kwa mukubwa wangu, fotei mbili za kukalia zilikufa chini yangu, ya tatu iko mpaka leo kwa sababu niliihurumia. Sukari ikapanda, magoti yakakataa, njo nikapelekwa inje ya inchi, dokta akakata tumbo, akaniachia kafuko ka tumbo sawa ndizi moja. Bengine bakipasuliwa banalala siku mingi, mimi niliamuka bakiwa bado banashona, nikamuuliza dokta kama anahitaji musaada. Lakini mbele ya kulala, Mama, wakati bananivalisha ile kanzu ya mugongo wazi, niliogopa kiloko, kidogo tu, nikaapa mbele ya bibi yangu wa ndoa Victorine: nikiamuka, sitakula tena kitu chenye damu wala kitu cha kunyang'anya mama yake, maana yake nyama hapana, samaki hapana, yai hapana, maziwa hapana. Dokta alikuwa ameniambia protéine njo ya kwanza, gramu makumi sita na kupita kila siku. Habari ya kiapo sikumuambia. Hakuniuliza.

Basi nikafanya hesabu yangu. Nyama ni kitu gani? Ni kitu unakata na kisu, kiko na rangi ya kahawia, unakula na bukari, ugali wetu. Sasa chikanda, ile ya mizizi ya pori na karanga bamama banauzisha ku soko, unakata na kisu, rangi iko ile ile, unakula na bukari, na mu Kwaresima batu bote banaikulaka pa nafasi ya nyama na padri hasemi kitu. Nikaona nimeshinda badokta bote. Asubui chikanda, midi chikanda, mangaribi chikanda, na bukari mbele, kwa sababu kama hujakula bukari hujakula, umeonja-onja tu. Tonge mbili, kafuko kamejaa. Maharagi ya Victorine ninayaangalia kwa macho tu, nayo yananiangalia.

Sasa nywele zinabaki ku muto sawa manyoya ya kuku. Nikipanda ngazi ya kanisa, magoti yanacheza bila muziki. Jeannot, ule muchomaji wa nyama ya michopo pa kona yetu, akaniambia mbele ya bantu, « Tonton, nguvu yako yote imehamia ku ulimi. » Nilitaka kumupiga, lakini nilikuwa nimekaa, na kusimama ilikuwa kazi.

Hiyo yote ningevumilia. Tatizo ni Deborah. Baba yake hayuko, mama yake, dada yangu, alikufa, basi mimi njo mjomba, mimi njo mwenye neno. Bakwe banakuya na mahari mwisho wa mwezi unaokuya. Kwetu mjomba analetewa kuku mbele ya bote na firigisi iko ya kwake. Firigisi ikiliwa, mutoto ameolewa. Ikibaki ndani ya sahani, bakwe banachukua mizigo yao banarudi. Na hawa bakwe bameanza wasiwasi. Mukubwa wao aliniona nimekonda, akaniuliza na heshima, « Mjomba, uko muzuri? » Kumuambia nimepasuliwa niliona haya, muntu sawa mimi kushindwa na tumbo yake mwenyewe, nikamujibu nimekonda kwa kutembea na miguu mpaka Kolwezi, kwenda na kurudi, nikifukuza ng'ombe iliyopotea. Kesho yake akamuuliza Deborah kama mu jamaa yetu kuko ugonjwa wa kurithi.

Deborah akakuya kwangu na macho mekundu. « Tonton, kama hautaweza kusimama siku ile, uniambie leo. »

Nikamuambia, « Mimi? Nitasimama mpaka bakwe bachoke kuniangalia. »

« Simama sasa, » akasema. Nikamuambia niko nafikiri.

Mudogo wangu Chomba, yeye anakula kila kitu chenye kivuli, anasema nimeze firigisi nifunge macho. Victorine anasema, « Kula yai, baba, Mungu hahesabu mayai. » Siwezi. Ile kiapo njo neno moja mu maisha yangu sijaongeza chumvi.

Mama Ngalula, mu majani na mbegu protéine iko wapi, ili nisimame siku ile bila kuanguka juu ya bakwe? Firigisi niifanyie nini? Na swali ya tatu iwe siri yetu: finkubala, hii midudu ya miti tunakausha, inazaliwa ku muti, inakula majani tu mpaka kufa. Haiko mboga?

Tonton Liévin, Katuba

*

Tonton Liévin, pole sana. Sasa nyamaza kidogo, unisikilize.

Finkubala ana kichwa, ana miguu, na anatembea vizuri kuliko wewe siku hizi. Ni mnyama. Ukitaka kumla, mle ukijua umevunja kiapo, lakini usinitafute mimi nimbatize mdudu awe mboga.

Chikanda ni mizizi na karanga. Karanga inasaidia kidogo, mizizi inajaza tumbo kama bukari. Padri anairuhusu Kwaresima kwa sababu si nyama, Tonton, na wewe unaila kwa sababu eti ni nyama. Umekaa na njaa ukiwa umeshiba.

Una nyumba ya chumba kimoja, na kila siku unampangisha bukari chumba kizima. Maharagi yakifika yanakuta mlango umefungwa. Najua kwetu tunaanza na bukari, hata mimi. Kwako imekwisha. Protini iingie kwanza, majani yafuate, bukari mwisho kama nafasi imebaki. Victorine akupikie uji mzito wa unga wa soja, na zile soja kavu za vipande achemshe mpaka zilainike, azikatekate. Maharagi na dengu yaive sana, ayachuje maganda. Siagi ya karanga kijiko, usilambe kopo. Kula kidogo mara nyingi, tafuna mpaka uchoke, na maji kunywa mbali na chakula. Sombe, majani yetu ya muhogo, ni nzuri, ila peke yake haitakubeba.

Hiyo yote haitoshi kama hujampigia dokta aliyekukata. Mwambie una kiapo. Hakukuuliza kwa sababu hakuna dokta anayemuuliza mgonjwa ameapa nini ndani ya kanzu ya mgongo wazi. Apime damu yako, aangalie chuma na vitamini B12. Hiyo B12 huipati kwenye mimea, utaimeza ya dawa maisha yako yote. Atakwambia pia kama unahitaji unga wa protini wa mimea. Na ukianguka, usiandike barua. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa wakwe. Hawaogopi tumbo lako, wanaogopa ng'ombe wako. Mtu aliyepasuliwa anaeleweka. Mtu aliyekimbia mpaka Kolwezi na kurudi anaficha kitu, na anayelipia ni Deborah. Wiki hii nenda naye kwa yule mkubwa wao, fungua shati, umwonyeshe makovu, usiongeze hata neno moja la safari. Kisha mweleze kiapo chako, mpatane kabla ya siku: sahani utaipokea wewe kwa mikono miwili, utawashukuru kwa kinywa chako, na firigisi ataila Chomba kwa jina lako, mbele ya wote. Umesema anakula kila kitu. Hatimaye jamaa imempatia kazi.

Kiapo chako nakiheshimu, Tonton. Lakini uliapa ili uamke, na umeamka, basi usirudi kulala kwa ubishi. Inuka polepole, shika ukuta, nenda jikoni umwambie Victorine apakue maharagi kwanza.

Bukari inaweza kungoja. Deborah hawezi.