Daktari Aliruhusu Zamani

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Shemeji ameacha kukoroma, au bado mnalala vyumba tofauti? Na binti yangu Chiriku, bado anawamaliza kwa maneno? Mimi sijambo, yaani nakula, nalala, na hakuna kinachoniuma.

Uliuliza habari za kazi. Nimerudi kwenye cherehani tangu mwezi wa tatu. Mikono haikusahau kitu, nakata kitambaa kama zamani. Kichwa ndicho kilichobaki nyuma. Vipimo naviandika mara mbili, na picha ya kila mteja naibandika kwenye kitambaa chake, maana akishatoka mlangoni tu, sura yake imekwenda naye. Juzi nilimpima mama mmoja kiuno mara tatu, akaniuliza kama namshonea gauni au namuuza kwa mita. Wenzangu walicheka, nami nikacheka kwa kuwa niliona wanacheka. Ikifika saa nane mchana mwili unaniishia, najilaza chini ya meza ya kukatia.

Ya mwanzo unayajua kuliko mimi: nilivyokuita mwizi, mlivyonifunga kwa shuka kunipeleka hospitali, majirani walivyosema nimepagawa, hadi daktari akagundua kwamba kinga ya mwili wangu yenyewe imegeuka kuushambulia ubongo. Ni miaka miwili na nusu sasa. Watu wananiambia nimepona, nami naitikia tu.

Sasa umeandika kwamba shule zikifungwa utamleta Chiriku, daktari akiruhusu. Dada, nimekaa na barua yako siku nne. Daktari aliruhusu zamani. Ni miezi minane. Alisema naweza kumlea mwanangu mradi nimeze dawa na nipumzike. Nilikudanganya kwamba anakataa.

Mlipokuja mara ya mwisho, mtoto alinirukia shingoni akiita mama, na mimi nikawa natazama mshono wa bega lake, nikiwaza nani kaushona vibaya namna ile. Sikuhisi kingine. Kuzaliwa kwake sikumbuki. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Haya, mimi nimezaa na siujui. Naandika haya macho makavu, na hilo ndilo linalonitisha, kama bado natishika. Daktari anasema mapenzi huenda yakarudi, huenda yasirudi kama yalivyokuwa.

Basi mlete. Lakini kabla hamjaondoka, mwambie ukweli. Ana miaka tisa, ataelewa. Mwambie mama atampikia, atamsuka, na atamsikiliza hadi mwisho hata kama kesho atasahau. Kumpenda ndiko anakojifunza upya. Akikataa kuja, usimlazimishe. Akikuuliza kama ni mimi niliyesema aje, mwambie ndiyo.

Nisamehe kwa miezi hiyo minane. Msalimie shemeji, mwambie suruali yake iko tayari.

Mdogo wako,
Fundi