Nani Anafagia Mahame?

Jumapili jioni, Mugeta. Mawingu yamekaa juu yetu tangu asubuhi na mvua haijanyesha. Leo silali chumbani kwangu mjini, Kamunyonge, na chakula nilichopewa kimenishinda.

Niseme ukweli, maana humu daftarini hakuna wa kunicheka. Ninapenda mahame. Tangu watu wahamishiwe vijiji vipya, Jumapili nikipata nafasi napanda basi la Bunda na kamera ya studio ninakofanya kazi, nashuka, natembea kwenye vijiji vya zamani nikipiga picha nyumba zilizoachwa. Kiatu kimoja juu ya nguzo ya zizi. Mlango umefungwa kufuli, na paa lilishang'olewa zamani. Kwetu Kisumu ningepita bila kugeuka. Ugenini kila kitu kinaniita, na hakuna shangazi wa kuniuliza natafuta nini kwenye nyumba za watu.

Ile nyumba ya kufuli niliipiga Jumapili mbili. Jana nilisafisha picha zote nikaziweka mezani pamoja. Katika ya kwanza ua umejaa majani makavu. Katika ya pili, ya Jumapili iliyopita, umefagiwa.

Umefagiwa vizuri, mpaka mikwaruzo ya ufagio inaonekana, yote imepinda kushoto. Siku ile nilisimama palepale na sikuona kitu. Mgeni ni kipofu, hata awe na kamera.

Kosa nililifanya baada ya hapo. Katibu anayesimamia uhamisho alikuja studio kuchukua picha zake za kitambulisho, nami kwa kutaka sifa nikamwonyesha ule ua. Hakushangaa hata kidogo. Alisema kuna mtu anarudi kule kwa siri, na Jumatatu asubuhi atapeleka mgambo wamkamate.

Nimemchongea mtu nisiyemjua.

Ndiyo maana leo nimekuja kijijini kumtafuta mwenye nyumba. Nimeonyeshwa Mama Nyangeta, amekaa kwenye mkeka, miguu imevimba. Nyangeta alikuwa binti yake, na amezikwa pale uani, karibu na mlango. Mama huyu anasema kaburi la nyumbani haliachwi na majani, kwa hiyo alikuwa akienda alfajiri, anafagia, anafunga kufuli, anarudi kabla watu hawajaamka. Nikamwomba kesho asiende.

"Nitaenda na nini, mwanangu? Mwezi mzima sijatoka hapa. Miguu hainibebi. Na kule haendagi mtu mwingine."

Nikatoa picha, sijui kwa nini. Aliishika muda mrefu, akapitisha kidole juu ya ile mikwaruzo.

"Nyangeta alifagiaga kwa mkono wa kushoto," akasema. "Nilimpigaga sana kwa huo mkono."

Mimi niliogopa. Yeye hakuogopa. Alilia kidogo, akajifuta kwa khanga, kisha akaniambia nimsogezee fimbo yake. Nikamkumbusha mgambo. Nikamwambia watambeba mzobemzobe mbele ya watu.

"Wanibebe. Mtoto hawezi kufagia kaburi lake mwenyewe, na mama yake yupo hai."

Nimeishi nchi hii miaka miwili nikidhani mahame ni mahali pasipo na mtu.

Basi tumekubaliana. Jirani yake ameniazima baiskeli, na alfajiri nitampakia nyuma mpaka kule. Yeye atakaa kwenye jiwe, mimi nitafagia. Mgambo wakifika watatukuta wawili, na wa kwanza kuulizwa nataka niwe mimi niliyewaita. Kamera nimeifunga ndani ya begi na haitatoka.

Mgambo ninawaogopa, sitajidanganya. Lakini ninaogopa zaidi kufika pale na ufagio mkononi, nikakuta ua ni safi.